Mwaka Tuliomsifu Baba Kabongo

Kazi ya kwanza niliyopewa katika nyumba ya mawe ilikuwa kulamba. Nilifika asubuhi na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, nikitazamia kuonyeshwa meza na kalamu, maana nilikuwa nimetoka kuwa karani wa ghala. Mzee mmoja mwembamba akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akavuta droo, akanipa jiwe la kijani lenye ukubwa wa yai na kuniambia nilitie ulimini. Nikalitia. Halikufanya kitu. Akanipa jingine, kijani vilevile, na hilo likaung'ang'ania ulimi wangu hata nikalibandua kwa nguvu. Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kilipotulia akasema la kwanza ni malakiti, la pili krizokola, yote mawe ya shaba, na kwamba tayari nimewapita nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaongeza kuwa jiwe la njano lina sumu, nisililambe kamwe, hata kama mimi ni mjinga wa kiasi gani.

Ninyi vijana mliobaki na funguo zangu mmeniambia kwamba kamati imeundwa ya kumtafuta mwalimu bora wa mwaka, na mnataka kujua zamani sisi tulifanyaje. Vyema. Vyeo vyangu sitavitaja, mlango wa chumba nilichopewa kazini mnaujua na mshahara mnaufahamu kwa kuangalia viatu vyangu. Nitasema juu ya miaka michache tu, ile ya mwisho ya Wabelgiji, mji ukiitwa bado Élisabethville. Yote niliyoyafanya baadaye kazini yalitoka katika miaka ile, mazuri na mabaya, na mabaya yalitangulia.

Mahali petu palikuwa jengo moja refu la matofali lenye vyumba vitatu: chumba cha masomo, chumba cha vitendo na stoo. Chuo chenyewe kilikuwa kipya, rangi ya milango ilikuwa bado inanuka. Wazungu walikuwa na jina lao refu kwa jengo hilo. Sisi tuliliita Nyumba ya Mabwe, kwa kuwa mabwe ndiyo mawe, na ndani hamkuwa na kitu kingine. Masanduku yalikuja kutoka Kinsevere, kutoka kusini, kutoka kaskazini, na kila jiwe lilitakiwa kuoshwa, kupakwa doa la rangi nyeupe, kuandikwa namba kwa wino mweusi juu ya doa hilo, kisha kupakwa vanishi ili namba isifutike. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Baba Kabongo, yule mzee wa droo, alinifundisha kuingoja rangi ikauke kabisa kabla ya kuandika. Ninyi leo hamngoji, na ndiyo maana namba zenu zinasomeka kama nyayo za kuku.

Baba Kabongo Mathieu alikuwa mtu wa Kasai. Aliletwa Katanga akiwa kijana, na miaka zaidi ya ishirini alifuatana porini na Wazungu waliotafuta madini, akibeba nyundo, akivunja mawe, akiyasaga kwenye kinu na kuyachekecha. Vumbi la miaka hiyo lilikuwa limebaki kifuani mwake, na kila asubuhi lilimkumbusha. Lakini pamoja na vumbi alikuwa amebeba elimu. Alilijua jiwe kwa uzito wake kiganjani, akiwa amefumba macho. Alilijua kwa harufu likipondwa. Kucha, senti ya shaba na kisu, hivyo vitatu vilimtosha kupima ugumu wa jiwe lolote. Kwenye karatasi za chuo kazi yake iliandikwa boy wa labo, yaani mtumishi wa maabara. Alikuwa na mvi na wajukuu.

Profesa wetu tulimpa jina Bwana Makaratasi, kwa sababu alisoma kila somo kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno, na siku moja upepo ulipozichukua alisimama kimya mpaka nilipozirudisha zote kwa mpangilio. Msinielewe vibaya. Hakuwa mtu mkali, hakututukana, na kwenye hadubini alikuwa bingwa. Ila kufundisha kulimchosha kuliko kulivyowachosha wanafunzi. Siku za vitendo aliingia, akasema mawe ya leo ni haya, akakaa dakika kumi, akatoka kwenda kwenye hadubini yake. Alirudi dakika tano kabla ya mwisho.

Na hapo katikati, mlango ukishafungwa, wanafunzi wote waligeuza viti kumwelekea Baba Kabongo.

Hakuna aliyempa ruhusa hiyo, na hakuna aliyeikataza. Mkataba wake ulisema kuosha, kupanga na kusafisha. Basi alifundisha akiwa na kitambaa mkononi. Kila sentensi aliisema huku akipangusa meza, akizunguka kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine, ili mtu yeyote atakayefungua mlango amkute akisafisha. Nilidhani mwanzoni ni mtu wa usafi kupita kiasi. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa, na nilipoelewa nilikasirika zaidi yake. Yeye hakukasirika. Alisema meza nayo inahitaji kupanguswa.

Nawaeleza jinsi alivyofundisha, kwa sababu hilo ndilo mlilotaka kulijua. Alimpa kila mwanafunzi jiwe ndani ya mfuko mdogo wa nguo, alishike bila kuliona. Swali lake la kwanza halikuwa jiwe hili ni lipi. Alitaka mwanafunzi aseme kwanza kitu gani hakijui juu ya jiwe hilo. Anayesema hajui rangi, hajui mstari litakaouacha likikwaruzwa, hajui kama asidi italichemsha, alipewa kibali cha kuendelea. Anayetaja jina mara moja alinyang'anywa mfuko, hata kama jina lilikuwa sahihi. Baada ya hapo ndipo jiwe lilitolewa, likakwaruzwa kwenye kigae cha nyuma ya sahani iliyovunjika. Aliwapenda sana wale wanaostaajabu jiwe jeusi likiacha mstari mwekundu. Alisema asiyestaajabu hatafika mbali, aende akasomee sheria. Kifaransa chake kilikuwa cha porini, kimechanganyika na Kiswahili, lakini watoto wa Wazungu waliozaliwa hapa walikifuata bila shida, na wale walioshuka juzi kwenye uwanja wa ndege wa Luano kutoka Ulaya walitafsiriwa na wenzao.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja tu mweusi katika kundi lile, Pascal, kijana mrefu mwenye miwani, mtoto wa katekista. Wengi wetu watu weusi wa chuo tulimtazama kama jicho letu. Baba Kabongo hakumpendelea hata kidogo. Kinyume chake, Pascal ndiye aliyenyang'anywa mfuko mara nyingi zaidi, na mara moja mzee alimfanya arudie jiwe lilelile wiki tatu mfululizo kwa sababu alilitambua kwa kukumbuka kovu lake na si kwa kulipima. Pascal hakulalamika. Alikaa baada ya wenzake kuondoka na kulipima tena. Mimi nilidhani wanachukiana.

Mwaka wa pili wa kazi yangu, wakubwa wa chuo waliamua kutoa medali kwa mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko wote. Wajumbe wangekuja kwa ndege, kungekuwa na hotuba na picha. Ili mambo yaonekane ya haki, kila mwanafunzi angepewa kipande cha karatasi aandike jina la mtu aliyemfundisha vizuri zaidi, na sababu moja. Katika jengo letu niliteuliwa mimi kuzigawa karatasi hizo na kuzikusanya ndani ya sanduku la kadibodi, kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika na nilionekana mtulivu.

Sasa niwaambie kosa langu, na kwa nini mtu wa wakati ule angeweza kulifanya. Sisi sote tulitembea na kitabu cha kazi. Kila tajiri aliyekuajiri aliandika humo kuwa wewe ni mtu wa namna gani, na neno moja zuri la Mzungu lilikuwa ngao. Kwa neno hilo ulipata kazi nyingine, ulipata kibali cha kukaa mjini, ulipata nyumba. Tulizitunza kurasa hizo kuliko vyeti vya ndoa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia kwamba sifa iliyoandikwa na mkono wa Mzungu imemdhuru mtu mweusi. Hivyo nilipoziona karatasi zile niliona kurasa thelathini za sifa zikimngoja Baba Kabongo, na nikaona ni dhambi zipotee.

Nilipozigawa nilimwambia kila mwanafunzi kwa sauti ya chini aandike ukweli tu. Hawakuhitaji kushawishiwa. Walicheka, wakaandika, wakakunja. Kwao ulikuwa ukweli mdogo wa kufurahisha.

Baba Kabongo alikuwa stoo. Alipotoka alinikuta nimekumbatia sanduku, uso umejaa furaha ya kijinga, na kwa kuwa sikuwahi kumficha kitu nikamwambia. Niliona mikono yake ikisimama. Aliniuliza sanduku linakwenda kwa katibu saa ngapi. Nikasema saa nane.

"Ilunga, mwana yangu," akasema, "utoe zote zenye jina yangu. Uzichome."

Nikamwuliza kwa nini.

"Jina yangu haina kazi kule. Kama inafika kule, batauliza inatoka wapi."

Nilimwitikia. Kisha nikaenda nyumbani kwa chakula cha mchana na sanduku nimelifunga nyuma ya baiskeli. Nilizifungua karatasi moja moja juu ya kitanda, na zaidi ya nusu zilikuwa na jina lake. Binti mmoja wa Kibelgiji alikuwa ameandika kwamba kabla ya Kabongo alikuwa anaangalia, na baada ya Kabongo anaona. Nani angeweza kuichoma karatasi ya namna hiyo? Niliisoma mara nne. Niliona pia karatasi ya Pascal, maana mwandiko wake niliujua, na humo lilikuwa jina la Bwana Makaratasi, na sababu: anafundisha kwa mpangilio. Nikatema mate. Nikasema moyoni, huyu ameshaanza kujikomba kwa Wazungu. Nikazikunja zote upya, za mzee na za wengine, na saa nane nikalipeleka sanduku likiwa zima. Jioni Baba Kabongo aliniuliza kwa macho, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwamba nimezichoma.

Wiki ilipita kimya. Kisha tukaitwa, yeye na mimi, katika ofisi ya katibu. Katibu alikuwa Mzungu aliyezaliwa hapahapa na Kiswahili chake hakikuwa na doa. Kulikuwa na wakubwa wawili nisiowajua, na Bwana Makaratasi alikuwa ameketi pembeni akitazama mikono yake. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani. Katibu hakufoka. Aliuliza kwa upole jinsi gani mtu aliyeajiriwa kuosha mawe amekuwa mwalimu wa watoto wa Ulaya, na kwa amri ya nani, na tangu lini. Nilitazama nyuso zile nikaelewa kwamba hawakuwa na shida yoyote na mafundisho yenyewe. Karatasi zile zilikuwa zimesema jambo juu ya profesa, na hilo ndilo halikuweza kukaa mezani hapo. Ilibidi jambo hilo liwe na mwenye kulibeba, na wa kulibeba alikuwa amesimama mbele yao na kofia mkononi.

Baba Kabongo alijibu bila kusita.

"Mi sifundishe, Bwana. Mi napangusaka meza, napanga mabwe. Batoto banapenda kucheka na mi, njo baliandika vile."

Katibu akashusha pumzi. Naapa kwamba alishusha pumzi, na Bwana Makaratasi akainua kichwa. Jibu lile lilikuwa mlango, na mzee alikuwa ameufungua yeye mwenyewe ili wote watoke salama: wanafunzi wamefanya utani, profesa ni profesa, boy ni boy. Kilichobaki ni mimi. Katibu akanigeukia akiwa tayari kukunja karatasi, akaniuliza, kwa kuwa nafanya kazi chumba hicho, kama mambo ni hivyo.

Nilikuwa na miaka thelathini, mke na watoto wawili. Sikuwa mtoto. Lakini kumsikia mtu yule akijiita mpangusa meza kuliniuma kama nimepigwa kofi mimi.

"Anafundisha, Bwana," nikasema. "Ye njo anafundisha bote. Hata miye ni ye alinifundisha."

Baba Kabongo hakunitazama. Mmoja wa wale wakubwa aliuliza kwa Kifaransa nimesema nini, na katibu alipomtafsiria akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilitoka nje nikijisikia shujaa. Nadhani ushujaa huo ulidumu mpaka kwenye ngazi.

Kitabu chake cha kazi kilirudishwa siku tatu baadaye. Katika ukurasa wa mwisho waliandika mistari miwili: kwamba amefukuzwa kwa kuvuka mipaka ya kazi yake, na kwamba amewadanganya wakubwa wake. Mstari wa kwanza ulitokana na sanduku langu, wa pili na ulimi wangu. Alikipeleka kitabu hicho milango mitano, sita, na kila karani alipofika ukurasa huo alikifunga na kumrudishia. Bila kazi hakukuwa na kibali cha kukaa mjini. Nyumba yake ya mtaa wa Katuba ilikuwa nyumba ya kazi. Alipewa hadi mwisho wa mwezi, kisha treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo hakuwa ameikanyaga tangu akiwa kijana na ambako aliyemkumbuka alikuwa dada mmoja tu.

Nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Mkewe, Mama Ngalula, alikuwa akikunja mashuka. Alinipa kiti kama mgeni, na hakunipa maji. Baba Kabongo alikuwa akifunga sanduku la bati kwa kamba, na pumzi zilimkatika kila fundo. Niliishika kamba upande wa pili. Nilimwomba msamaha, na nilisema mengi ambayo siyakumbuki, na mwishowe nikasema kwamba yote niliyafanya kwa ajili yake.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini usiseme ulifanya juu yangu. Ulifanya juu yako. Ulipenda bazungu bayue kama muntu mwenye alikufundisha iko munene."

Nililia. Sioni aibu kuwaambia. Na katika kilio hicho, nikitafuta mtu mbaya kuliko mimi, nikamtaja Pascal. Nikasema Wazungu wengi waliandika jina la mzee, hata wale waliokuja juzi, na ndugu yetu mweusi ndiye aliyemkana na kuandika jina la profesa.

Mzee aliacha kamba. Aliniuliza kama nina hakika, nami nikasema niliuona mwandiko. Akaketi juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza katika majuma yale niliona uso wake ukilegea.

"Bengi balinisifu," akasema. "Ule mutoto njo alinilinda."

Mama Ngalula alitoka na mashuka. Tulimaliza masanduku mawili yaliyobaki, na siku ya treni sikwenda stesheni kwa sababu sikuambiwa saa, na sikuuliza.

Medali alipewa Bwana Makaratasi. Nilipanga viti, nikapanga na mawe mazuri kwenye meza yenye kitambaa cha kijani ili wajumbe wapige picha. Hotuba ilisifu subira yake na ukaribu wake na wanafunzi. Wanafunzi walipiga makofi, wengi wakiangalia chini, wachache wakiangalia dirishani. Yule binti wa Kibelgiji hakuja. Profesa mwenyewe hakuivaa tena medali ile baada ya siku hiyo, na sitamfanya kuwa mbaya kuliko alivyokuwa: wiki moja alijaribu kubaki chumba cha vitendo mpaka mwisho. Alishika jiwe, akalitazama, wanafunzi wakamtazama, na hakuna aliyejua aanze nani. Wiki iliyofuata alirudi kwenye hadubini yake. Mlango ulipofungwa viti viligeuka kunielekea mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundisha. Nilipewa kazi ya Baba Kabongo, na pamoja na kazi nilipewa nyumba yake. Ningeweza kukataa, na nimejiuliza mara nyingi. Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga, na barua za kumpa mtu nyumba hazikuandikwa mara mbili. Mke wangu alipika kwenye mafiga ya Mama Ngalula, na kwa mwezi mzima alifagia ua mara mbili kwa siku. Majirani walisema waliyosema. Mimi ni Mluba wa Katanga, yeye alikuwa mtu wa Kasai, na miaka ile maneno kati ya watu wa huku na wa kule yalikuwa yameanza kunoa visu. Wengine walinipongeza kwa akili ya kumwondoa mgeni na kuchukua nyumba. Hao ndio walioniumiza zaidi, maana walinishika mkono.

Pascal alibaki mpaka alipomaliza masomo. Nilijaribu kumwomba radhi kwa yale niliyomfikiria, akaniambia hana habari nayo. Baadaye alikwenda zake Ulaya. Mimi nilibaki, na miaka iliyofuata mnaijua au mtaisikia kwa wengine: bendera zilibadilika, jina la mji likabadilika, maprofesa wakawa wetu, na maboy wa labo wakaitwa mafundi. Kazi ilibaki ileile. Nilifundisha watu ambao leo wana ofisi zenye zulia. Kila mwaka niliwaomba wanafunzi wasiliandike jina langu popote, na wakadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa hofu, na ilinikaa mwilini hata baada ya sababu zake kuondoka nchini.

Kamati yenu basi, kama mnataka neno langu: kabla ya kumtangaza mtu, nendeni kwake mkamwulize. Na akikataa, msidhani mnamjua kuliko anavyojijua. Ushauri mwingine sina, ila huu wa rangi kukauka nilioutaja juu.

Barua ya Mama Ngalula ilifika kama mwaka mmoja baada ya yeye na mzee kuondoka, kabla Wabelgiji hawajaondoka. Mama Ngalula hakujua kuandika, kwa hiyo ilikuwa na mwandiko wa katekista wa huko kwao, na bahasha ilikuwa imeandikwa anwani ya nyumba ile ya Katuba kwa usahihi kabisa, mtaa na namba. Alisema Baba Kabongo alifariki msimu wa mvua, kifua kilimshinda. Alisema kijiji hakikuwa kimewapokea vizuri, waliitwa watu wa mjini, na siku za mwisho hakukuwa na dawa. Hakunilaumu popote. Nilitafuta lawama mstari kwa mstari, ningefurahi kuipata. Mwishoni alisalimu watoto wangu kwa majina. Kisha akasema kwamba anasikia huku pia mvua ni nyingi mwaka huu, na kwamba bati la chumba cha kulala linavuja upande wa dirisha, wao walikuwa wanakivuta kitanda hadi karibu na mlango.

Nilimsomea mke wangu barua hiyo tukiwa tumeketi juu ya kitanda. Tulikuwa tumekwisha kukivuta.